Kahawa Mgumba

Mjukuu wangu anafundisha somo la mimea sekondari. Likizo iliyopita aliniambia kwamba yasmini ni wa ukoo wa mzeituni, na kahawa ni wa ukoo mwingine kabisa, ule wa mkwinini, mti wa dawa ya malaria. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mzeituni mimi nausikia kanisani tu, sijawahi kuugusa. Lakini habari hiyo ilinipendeza kuliko sukari aliyoniletea. Maana yake ni kwamba yasmini na kahawa hawana mwiko mmoja, hawali yamini moja, wangetaka wangeoana. Na mimi nilitolewa kwenye nyumba ya ndoa kwa sababu mwanamke mmoja aliyezaliwa katikati ya mikahawa aliapa kwamba ni ndugu.

Akaniambia pia kuwa zamani Mzungu mmoja msomi aliiona kahawa imechanua, akaiandika vitabuni kuwa ni yasmini. Basi mama mkwe wangu wa kwanza hakuwa mjinga peke yake. Tofauti ni kwamba Mzungu yule hakumtupia mtu sanduku njiani.

Mimi sikusoma. Darasa la pili niliishia, nikapelekwa Bukoba mjini kwa shangazi yangu wa Hamugembe, naye akanitia kazini kwa mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa. Ilikuwa miaka ile ya kupata Uhuru. Mama yule alikuwa na goti bovu, hawezi kuinama, na nyuma ya nyumba alikuwa na maua ambayo hakuweza kuyatunza mwenyewe. Akaamua mikono yangu iwe mikono yake. Alinifundisha kwa kunifinya.

"Hii nini?"

"Ua, Mama."

"Ua! Na wewe nini? Mtu? Watu wote jina lao Mtu?"

Kisha ananifinya hapa juu ya kiwiko, panapouma. Ndivyo nilivyojua kwamba ile nyembamba yenye majani madogo inaitwa jui, ile yenye vijani vingi kwenye kikonyo kimoja ni chameli, na ile fupi yenye ua nene lililojaa, linaloshindiliwa kwenye nywele za maharusi, ni mogra. Zote hizo ni yasmini. Lakini kulikuwa na mti mwingine penye ukuta, ukinuka usiku mpaka unaumwa kichwa, wao wakiuita malkia wa usiku. Siku niliyouita yasmini nilifinywa mpaka alama ikakaa wiki.

"Tazama jani. Linakaa peke yake, moja huku, moja kule. Malaya huyu. Yasmini yetu hii jani linakaa na mwenzake, yanatazamana, kama mume na mke. Huyu malkia ni ukoo wa mnavu na nyanya. Ananuka vizuri, ni sumu."

Akanifundisha na kuvunja shina. Likitoka maziwa, si yasmini, hata likinukia vipi. Akanifundisha kulipasua ua kwa pini ya nywele. Ndani ya koo la yasmini kuna madume mawili tu, vile vijiti vyenye unga wa njano, yamejificha. Kahawa ninayoijua mimi madume yake ni matano na yanasimama nje, hayana haya. Halafu akachukua mogra, lile ua nene, akaniambia nitafute dume. Nikapasua, nikapasua, nikakuta nyeupe ndani ya nyeupe.

"Hakuna, Mama."

"Lipo. Limevaa nguo za harusi. Dume lote limekuwa pambo. Ndiyo maana huyu hazai. Wewe ukimtaka, unakata kijiti."

Nilikuwa na umri wa kucheka mambo hayo, nikacheka, nikafinywa.

Na kijiti nilijua kukikata. Kisiwe kibichi sana wala kikavu, kiwe na vifundo vitatu, viwili unazika, kimoja kinatazama juu. Unakiweka kivulini mpaka kishike, kisha unakitoa juani, maana yasmini kivulini inakuwa ndefu kama mtu mwenye kifua kikuu na haichanui. Ikimaliza kuchanua unaikata bila kuitazama usoni. Ua linakuja kwenye tawi jipya tu. "Ukiihurumia, itakupa majani," alisema mama yule. Ni neno pekee la akili nililolipata katika nyumba ile, na nimelitumia kwa mimea na kwa watu.

Nilipoposwa nilivunja kijiti cha mogra, nikakifunga kwenye kitambaa kibichi, nikakitia kifuani. Sikuomba. Angenifinya, na asingenipa.

Niliolewa Muleba, kwenye kibanja kizuri, migomba minene, mikahawa katikati yake. Mume wangu alikuwa mpimaji wa kahawa kwenye chama cha ushirika. Nisiseme uongo, alikuwa mwanamume wa kutazamwa. Viatu vinang'aa, mafuta ya nywele, kitana mfukoni mwa shati, na harufu nzuri kabla hajafika. Jumapili wasichana walikosea maneno ya nyimbo akiingia kanisani.

Nikapanda kijiti changu mbele ya mlango, pale jua linapoingia kati ya migomba. Kikashika. Mvua za kwanza kikatoa vichipukizi, na siku moja asubuhi ua likafunguka, jeupe, likanukia mpaka jikoni. Mikahawa nayo ilikuwa imechanua wiki hiyo hiyo, kibanja kizima kimeota weupe.

Mama mkwe alikuja akasimama mbele ya ua langu. Alikuwa mwanamke mrefu, mgumu, mjane wa muda mrefu, mwenye mwana mmoja tu wa kiume.

"Mkamwana, umetuletea kahawa gani hii?"

"Si kahawa, Mae. Ni yasmini ya mjini."

"Nimezaliwa kwenye kahawa, nimenyonya kahawa, utanifundisha wewe kahawa? Nyeupe ni ile ile. Harufu ni ile ile. Hii ni kahawa ya Wahindi. Tazama, imejaa kuliko yetu. Itazaa punje nene."

Nikamwambia tena. Akaniambia nikachote maji. Kisha akawaita majirani waje waone kahawa ya mkamwana wake, wakaja, wakakaa kwenye nyasi, wakatafuna kahawa kavu na kusifia. Mwali hambishii mama wa mumewe mbele ya watu.

Sasa ngojeni. Maua ya mikahawa yakaanguka, yakaacha vichwa vya kijani, vikanenepa. Ya kwangu yakawa ya kahawia, yakadondoka, na pale yalipokuwa pakabaki kikonyo kitupu. Mvua zikarudi, vile vile. Majirani walipita wakiuliza, "Mama, kahawa ya Wahindi mnavuna lini? Tuje na vikapu?" Wanacheka huku wanaondoka.

Mtu akichekwa anatafuta wa kumbebesha kicheko. Mama mkwe akaniangalia tumbo, akaangalia ule mti, akapata jina.

"Kahawa mgumba," alisema. "Na aliyeileta ni mgumba. Mti unafundisha nyumba."

Tangu siku hiyo sikuwa na jina lingine. Mgumba lete maji. Mgumba menya ndizi. Kulikuwa na tetea aliyekuja baada yangu, akatotoa, vifaranga vyake vikatotoa. Mama mkwe akimrushia makombo anamwambia kuku kwa sauti ili nisikie, "Kula, waitu, kipenzi changu. Wewe ulikuja juzi, tayari una wajukuu." Chakula changu kikawa kinapakuliwa mwisho, kwenye bakuli lililopasuka mdomo, ndizi iliyoshika chini ya chungu. Mume wangu alikuwa anakaa pale pale. Anajichana.

Usiku nilimuuliza mara moja tu, "Na wewe unasemaje?"

"Mama ni mzee," akasema, akageukia ukutani ili asivuruge nywele.

Wakaleta mke wa pili, binti wa Kemondo, mfupi, mnene, ana makalio ya kutia moyo. Mimi nikahamishiwa jikoni. Mama mkwe alimlisha yule mtoto wa watu kama nguruwe wa Krismasi. Mwaka ukapita. Mwingine ukapita. Binti wa Kemondo alinenepa kila mahali isipokuwa palipotakiwa. Mtu mwenye akili angemtazama mwanawe kwa jicho lingine. Mama mkwe akautazama mti.

"Ndio huu," akasema. "Umemwambukiza na mwenzake."

Akamwita mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa ukoo, awe shahidi. Mbele yake, na mbele ya majirani, akachukua jembe akaing'oa yasmini yangu na mizizi yake, akaitupa njiani. Sanduku langu likafuata. Halafu akasema maneno ambayo aliyasema taratibu, akiyapanga, kwa sababu alitaka yaume.

"Tumbo lile limekufa. Hatuna chetu ndani yake. Likizaa, na jiwe litazaa."

Binti wa Kemondo alisimama mlangoni anatafuna muwa. Mume wangu alitazama viatu vyake. Mimi nikaokota sanduku, nikaokota na tawi moja lenye vifundo, nikaondoka. Sikulia mpaka nilipofika mbali, na hapo nililia kwa sababu bakuli langu lililopasuka nimelisahau, na nilikuwa nimelizoea.

Kwa baba yangu nilikuta kaka amerithi kibanja na mkewe amerithi mdomo. "Mgeni wetu anarudi lini kwake?" anauliza kila siku akigawa chakula. Ndipo ikaja habari ya vijiji vya ujamaa. Walikuwa wanafungua kijiji kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi ambao watu wa vibanja wanauona wa kukatia nyasi za kuezekea na kutandika ndani, basi. Wenye migomba walitucheka. Walisema rweya ni ya waliotapikwa. Kweli tupu. Tulikuwa wajane, wanawake walioachika, vibarua waliokuja kuvuna kahawa za wengine wakakosa nauli, wakaona aibu kurudi kwao. Lakini mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba mwanamke naye ni mwanachama, atapewa pa kulima kwa jina lake. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nikainyoosha yote miwili.

Udongo wa rweya ni mwembamba, unalima mchanga na matusi. Ndizi zilikataa. Muhogo ulikubali kwa masharti. Ila yasmini yangu ilipaona pale ni peponi. Jua mchana kutwa, hakuna mgomba wa kuizuia. Ilinenepa, ikachanua, nikaikata, ikachanua tena.

Pale nikapata mume wa pili. Kibarua, sura yake kama kiazi kilichochimbwa kwa jembe butu, masikio kama majani ya magimbi. Hakuwa na kitana wala nywele za kuchana. Alikuja kuniomba chumvi, akarudi kuomba moto, mara ya tatu nikamwambia asiendelee kuomba vitu vidogo vidogo. Haukupita mwaka, nikaanza kutapika asubuhi. Nilidhani ni minyoo. Nikanywa dawa ya minyoo. Minyoo ile ikazaliwa mvulana, ana masikio ya baba yake.

Siku moja nilikwenda Kemondo kununua dagaa, na kwenye vichaka vya mawe juu ya ziwa nikaona mmea unapanda kwa kujisokota kwenye mti mwingine. Majani mawili mawili, yanatazamana. Nikavunja, hakuna maziwa. Maua meupe membamba, matumba yake mekundu mgongoni. Nikapasua moja kwa mwiba. Madume mawili, mahali pake. Ni yasmini ya porini, ya kwetu, haikuletwa na mtu. Na ilikuwa imezaa. Vitunda vyeusi vinang'aa, vimebandikana viwili viwili kama mapacha. Nilikaa chini pale kwenye mawe nikaiangalia mpaka mtoto mgongoni akaanza kulia. Kisha nikakata vijiti, nikaenda kuipanda mlangoni, upande wa pili wa mogra.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo vijana hawalijui. Kwetu ilikuwepo desturi inaitwa bisisi. Mwanamume wa kwanza kumwoa mwanamke na kulala naye ndiye mwenye mtoto wake wa kwanza. Hata akimwacha, hata mtoto azaliwe miaka mingi baadaye kwa mume mwingine, akija kudai anapewa. Nilijua desturi hiyo. Kila usiku tangu mtoto azaliwe nililala mguu wangu umemzunguka.

Wakaja. Mtoto alikuwa ameanza kutembea. Mama mkwe wa zamani mbele, yule mzee wa ukoo nyuma yake, na mume wangu wa kwanza katikati, viatu vimepigwa rangi, vumbi la rweya limevivisha soksi. Watu wa kijiji wakakusanyika. Mwenyekiti, ambaye kwenye mikutano alikuwa anatufundisha kuzika mila za kinyonyaji, alipomwona mzee wa ukoo alivua kofia.

"Desturi ni desturi," akasema, akatazama kando.

Mume wangu wa kiazi alisimama na jembe begani. Hakuwa mtu wa maneno. Nilijua nikimwachia atampasua mtu kichwa na mtoto ataondoka hata hivyo.

Nikapiga magoti nikamsalimu mama yule kama inavyopasa.

"Nimefuata mjukuu," akasema.

"Mjukuu yupi, Mae?"

"Huyo. Mwanangu ndiye aliyekufungua. Wa kwanza ni wa kwetu. Hata wewe unajua."

"Najua. Lakini keti kwanza, umetoka mbali. Nikuonyeshe kahawa yako."

Nikaenda mlangoni, nikavunja tawi la mogra na tawi la ile ya porini, nikampa mzee wa ukoo. Alikuwa mkulima wa kahawa tangu utoto, vidole vyake vinajua ua.

"Baba, hili la porini, lipasue. Unaona nini kooni?"

Akalipasua kwa ukucha. "Madume. Mawili."

"Na hapa chini?"

"Limezaa. Pacha."

"Sasa pasua lile nene. Lile mlilosema ni mgumba. Nitafutie dume."

Mzee akaanza kunyonyoa. Vile vipande vyeupe, mjukuu wangu anaviita petali, vilimwangukia mapajani kimoja kimoja. Watu wakasogea. Alinyonyoa mpaka akabaki ameshika kikonyo.

"Silioni," akasema.

"Lipo, Baba. Limejipamba. Dume likizidi kujipamba linakuwa ua, halina unga tena. Mti hauna kosa. Kosa ni la dume lililovaa."

Kisha kibarua mmoja nyuma akaguna, na mwanamke mmoja akasema polepole, "Na binti wa Kemondo je, mwaka wa ngapi sasa?" Macho yote yakashuka kwenye vile viatu, yakapanda kwenye shati. Mume wangu wa kwanza, maskini, hakujua pa kuweka mkono, ukaenda wenyewe mfukoni kukifunika kitana. Hapo ndipo walipocheka. Mwenyekiti naye alicheka, kofia mdomoni. Nimesikia vicheko vingi maishani, hicho ndicho nilichokila nikashiba.

Mama yake akasimama. "Kicheko hakivunji desturi."

"Hakivunji," nikasema. "Baba, ulikuwepo siku niliyotupwa. Mae alisema nini mbele yako?"

Mzee alikuwa wa ukoo wao, alikuja kuchukua mtoto, na petali zilikuwa bado mapajani mwake.

"Ulisema, 'Hatuna chetu ndani yake,'" akamwambia shemeji yake.

"Nilisema kwa hasira."

"Ulisema mbele ya watu, nami ukaniita nisikie. Nimesikia." Akajikung'uta, akanyanyuka. "Aliyetupa mche njiani harudi na kikapu. Twendeni."

Sikuwaacha waondoke mikono mitupu, mimi nililelewa. Niliing'oa ile mogra na udongo wake, nikaifunga kwenye kipande cha gunia, nikampa mama mkwe. "Chukua, Mae. Hii ni ya kwenu kweli kweli." Aliipokea. Sijui kwa nini aliipokea. Labda mikono yake ilikuwa imejiandaa kubeba kitu.

Nilizaa wengine baada ya hapo, na hao wakazaa. Mume wa kiazi amekwisha kufa, nimemlilia.

Yule mume wa kwanza alitangulia kufa, hana mtoto, binti wa Kemondo ameshakimbia na dereva wa lori. Nilikwenda msibani. Nilivaa kitenge kipya na nikaenda na wanangu wote, wamejipanga nyuma yangu. Kibanja kilikuwa kimechoka, migomba imeinama. Mogra ilikuwepo pale pale mlangoni, hakuna mkono uliothubutu kuikata. Ilikuwa imepanda ndefu, nyembamba, inatafuta jua katikati ya migomba, majani matupu. Hata maua ilikuwa imeacha.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye nyasi ndani, macho yamekwisha. Nikampigia magoti.

"Ni nani?"

"Ni mgumba wako, Mae."

Mkono wake ukaanza kutafuta hewani, kwenye urefu wa kichwa cha mtoto mdogo.

"Yule wa kwanza umekuja naye?" akauliza. "Nimshike tu."

Mwanangu alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, mwanamume mzima mwenye masikio ya baba yake, akataka kuinama. Nikamzuia kwa mkono.

"Hayupo," nikasema.

Mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu, ananiambia ningemhurumia yule bibi kizee. Namwambia afundishe watoto wake mimea, na mimi aniache na majani yangu.